Jukwaa Nyuma ya Dohani

Majira yale ya baridi, nyumbani kwa Dugald Mackellar watu walikula wamepakata sahani. Meza ya jikoni ilikuwepo, tena nzima, ila ilikuwa imekaliwa na meli.

Si kwamba meli yenyewe ilikuwa kubwa. Urefu wake ulikuwa kama mkono wa mtu mzima, kuanzia begani hadi ncha za vidole. Lakini meli inayojengwa haiji peke yake, inakuja na ukoo mzima: vibao vyembamba kama kadi, gundi, tupa, misasa ya kila namna, nyaya za shaba, na mavumbi ya mbao yaliyoingia hadi kwenye kopo la sukari. Vibanio vya nguo navyo vikahamia huko. Nan, mke wa Dugald, alivitafuta asubuhi nzima akilaumu upepo wa Gourock, mji wao, mpaka alipovikuta jikoni, vimeibana meli mbavuni huku gundi ikikauka, vimejipanga kama ndege juu ya waya.

"Shati lako la kanisani linaning'inia kwa kibanio kimoja," akamwambia mumewe. "Likivuka maji likafika Dunoon, utalifuata na hiyo meli yako."

Dugald alisema meli ikikamilika itafika hata mbali zaidi. Nan akaenda zake kufunga mashati kwa uzi.

Meli hiyo ilikuwa Lady Ascog. Mtu mgeni huenda asione uzito wa jina hilo, lakini kwa wazee wa kando ya mto Clyde, zile meli za mvuke za tangu enzi za Malkia Victoria, zenye gurudumu kubwa la makasia kila ubavu, hutajwa kama watu wa ukoo. Utasikia mzee akisema fulani alikuwa na mbio lakini mkaidi kugeuka, fulani alikuwa na sauti nzuri, na unaweza kukaa hapo dakika kumi ukidhani anasema shangazi zake. Watoto wa zamani walizitambua zikiwa bado nukta ya moshi, kwa rangi za dohani tu, yaani lile bomba refu linalotoa moshi katikati ya meli. Ya Lady Ascog ilikuwa nyekundu iliyofifia, yenye ukosi mweupe. Kila Julai, viwanda vya Glasgow vilipofungwa kwa wakati mmoja, watu walishuka mtoni na masanduku, masufuria, bibi na kanari ndani ya tundu, wakapanda meli kwenda visiwani. Mpiga fidla alikaa karibu na ngazi. Akina baba waliwaaga wake zao kwamba wanashuka chini mara moja kuangalia injini, wakarudi wanaimba, maana baa nayo ilikuwa huko huko chini.

Meli zile hazikuwepo tena. Lady Ascog yenyewe ilikatwa vipande kabla ya vita vya pili, na Dugald alikuwa kijana wa kazi siku ilipopita Gourock ikivutwa, dohani haitoi moshi.

Wala hakuijenga kwa ajili yake mwenyewe. Aliijenga kwa ajili ya dada yake.

Ina alimtangulia Dugald kwa miaka tisa, na kwa kweli yeye ndiye aliyemlea. Baba yao, Neil Mackellar, alikuwa mshika usukani wa Lady Ascog. Vita vya kwanza vilipoanza, jeshi la majini likamchukua, likampeleka kwenye meli nyingine huko bahari ya kaskazini, na hakurudi. Mama akaingia kiwanda cha sukari Greenock. Ina akabaki na mdogo wake: akamsugua masikio, akamfunga viatu, akawapiga kwa ufagio watoto waliomcheka kwa kuvaa koti la kike. Alipokua naye akaingia kiwanda kilekile cha sukari, akaolewa, akafiwa, na binti yake wa pekee, Moira, akahamia Kanada. Kisha macho ya Ina yakaanza kuzima, kwanza kama dirisha lenye mvuke, halafu kama dirisha lililofungwa mbao.

Moira akasema basi, mama aje. Safari ikapangwa kuwa baada ya Pasaka.

Siku ya Mwaka Mpya Ina alikuwa kwa mdogo wake, amekaa karibu na moto na kikombe chake. Nan akamuuliza kama huko Kanada ataukumbuka mto. Ina akasema mto tayari hauoni, kwa hiyo atakuwa hauoni huku au hauoni kule, tofauti ni nini. Halafu akakoroga chai, akasema kwa sauti ileile ya mtu anayeomba sukari, "Ninachotamani ni kuiona Lady Ascog mara moja tu, inaingia gatini. Basi. Halafu wanipeleke wanakotaka."

Kesho yake Dugald akaondoa sahani mezani.

Hapo inabidi ujue jambo moja juu yake. Maisha yake yote alikuwa seremala wa meli, kwenye karakana za Port Glasgow, na kazi yake ilikuwa milango ya vyumba. Meli iliposhushwa majini, watu wakipunga kofia, wenzake walisema "ile meli yetu", yeye alisema "ile milango yangu". Hajawahi kujenga meli nzima. Na dada yake aliyemlea, hajawahi kumpa kitu kilichozidi jozi ya glavu za Krismasi. Sasa alikuwa na hadi Pasaka.

Michoro na picha aliletewa na Tam Gilfillan wa chama cha wajenga vimeli, mtu mwenye mikono laini na maoni mengi. Tam alisema utaratibu ni kuweka kila kitu kwa kipimo: kamba ziwe uzi wa hariri, vyuma vya pembeni viwe vyembamba kama unywele. Dugald akakataa. Vya namna hiyo ni vya macho, akasema, na kidole kikivipitia vinakatika. Yake ilikuwa meli ya vidole. Vyuma akavifanya kwa waya wa shaba unaohimili kushikwa, jina akalichonga liinuke herufi kwa herufi, na mbao za sitaha akaziachia mfereji mdogo katikati, ili anayepapasa ahesabu ubao hadi ubao. Tam alikunywa chai yake akitazama pembeni, kama mtu aliyealikwa kwenye harusi asiyoikubali.

Mwenye kuijaribu alikuwa Nan. Dugald alimfunga macho kwa taulo la vyombo, akamkalisha, akamwekea mikono juu ya meli.

"Hii nini?"

"Nusu keki. Imekatwa vipande."

"Ni kifuniko cha gurudumu, mama. Ile nakshi ya mapambo."

"Basi watu wako walipamba keki."

Lakini siku nyingine aligusa palepale akasema polepole kwamba anasikia kama maji yanapiga ndani yake. Dugald akamfungua lile taulo, akaenda kupaka gundi zaidi kwenye ubao.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa jukwaa la nahodha. Lilikuwa mbele ya dohani, juu, lenye usukani na kengele. Hakuhitaji picha kwa hilo. Kila Julai mama yake alimkalisha chini ya jukwaa lile, mgongo ukutani, mahali ambapo upepo haufiki, akampa mkate wenye jemu, na yeye akatazama mbele, visiwa vikija vyenyewe kama vimevutwa kwa kamba. Ina hakuwepo safari hizo. Ina hupatwa na kichefuchefu melini, ndivyo mama alivyosema kila mwaka, na Ina mwenyewe hakubisha. Dugald alilichonga jukwaa hilo kwa siku nyingi, ngazi yake ina vidato ambavyo ukucha unaweza kupanda.

Wiki mbili kabla ya safari meli ikawa tayari. Jumapili akamleta Ina kwa gari. Nan alikuwa ametengeneza vikate vya skoni, na meza ilikuwa imefutwa hata ikang'aa, meli peke yake juu yake. Ina akaambiwa kuna kitu. Akaenda kunawa mikono kwanza, kama mtu anayekwenda kula.

Alianza omoni, mbele kabisa ya meli, akapanda mlingoti kwa vidole viwili, akashuka. Alipogusa mbao za sitaha akatabasamu. Dugald alikuwa amesimama ameshika kiti, na Nan anasema hajawahi kumwona vile hata siku ya harusi yao. Vidole vikaenda mbele, vikakuta ngazi, vikapanda, vikalizunguka jukwaa. Vikasimama. Vikarudi omoni vikaanza upya, na mara ya pili vikasimama palepale.

"Nzuri sana, Dugald," Ina akasema. "Mikono yako imefanya kazi. Ni meli gani?"

Nan akaweka birika chini.

"Usinitanie, dada."

"Sikutanii. Nauliza."

"Ni Lady Ascog."

"Hapana, mdogo wangu. Siyo."

Wakabishana, na walipobishana hao wawili walirudi kuwa watoto. Dugald akataja picha, akataja michoro, akamtaja Tam ambaye kwa kawaida humtaja kwa kulalamika tu. Akasema yeye ameipanda meli ile kila Julai tangu akiwa na kaptura. Ina akasema kaptura hizo nani aliyezifua. Dugald akasema jukwaa lilikuwa mbele ya dohani, analiona hadi leo. Ina akanyoosha mkono, akapita juu ya dohani kwa uangalifu, akaweka kidole kwenye sitaha tupu nyuma yake, katikati ya magurudumu mawili.

"Lilikuwa hapa. Baba alisimama hapa."

Nan, ambaye hakutaka ugomvi upoze chai, akauliza inawezekanaje mtu aongoze meli akiwa nyuma ya bomba la moshi, si ni sawa na kuendesha gari umekaa kiti cha nyuma.

"Ndivyo meli zote za mto huu zilivyojengwa zamani zile," Ina akasema. "Hakuna aliyeona ajabu. Wakitaka kuona mbele walichungulia pembeni."

Kisha akawaeleza, mikono yake bado iko juu ya meli. Vita vilipokuja havikumchukua baba tu, vilichukua na meli, ikaenda kuzoa mabomu baharini. Huko wanamaji wakaona upuuzi wa jukwaa lile, wakaling'oa wakalipeleka mbele. Vita vikaisha, meli ikarudi. Mji mzima ulishuka gatini kuipokea, na mama akawapeleka wote wawili, Dugald mabegani kwa mjomba. Ina alikuwa msichana mkubwa wa kutosha kujua kwamba baba harudi. Alijua. Lakini meli ilipokaribia, macho yake yalikwenda yenyewe nyuma ya dohani, mahali pa baba, na pale hapakuwa hata na mahali. Palikuwa na benchi. Mwanamke mmoja mwenye kofia ya maua alikuwa amekaa anakula chungwa.

"Sikupanda tena," Ina akasema. "Tumbo langu halikuwa na neno lolote. Mama alisema hivyo ili watu wasiniulize."

Dugald akakaa kwenye kiti alichokuwa amekishika. Miaka hamsini na ushee alidhani yeye na dada yake wana meli moja, kumbe kila mmoja alikuwa na yake. Aliyokuwa nayo yeye ilikuwa na mkate na jemu. Haikuwa na baba, haijawahi kuwa naye. Baba kwake alikuwa masharubu ndani ya fremu ukutani.

Ina, aliyesikia kiti kikilia, akaogopa amemuumiza. Akasema haraka meli ni nzuri kweli, ataichukua hivyo hivyo, Moira ataiweka dirishani. Hilo ndilo lililomchoma Dugald kuliko yote. Ataichukua, na kila akiipapasa vidole vyake vitaruka mahali pale kama ulimi unavyoruka jino bovu.

Jioni, baada ya kumrudisha, Nan alimwambia aiache. Amekubali, anaondoka, muda haupo; akianza kukata ataiharibu yote. Dugald akasema amekubali kama anavyokubali glavu.

Asubuhi alinyoa ndevu, akavaa aproni yake ya karakana, akachukua msumeno mdogo. Nan akabeba kapu la nguo akatoka nje ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Jukwaa lilikuwa limeshika vizuri mno, alilijenga lisitoke. Lilipotoka likang'oa na vipande vya sitaha, na palipokuwa na pembe yake ya chini, ile ya kuegemea mgongo, pakabaki shimo. Alilitazama shimo lile kwa muda. Halafu akaanza kukata mbao za kuliziba.

Sasa tatizo likawa kwamba hajui anachojenga. Tam hakuwa na picha ya kabla ya vita, na alipoulizwa alikuna shingo akasema, bwana wee, nimekupa meli ya utoto wangu mimi nikidhani ndiyo meli. Ikabaki simu. Kila jioni Dugald alimpigia dada yake. Jukwaa lilikuwa juu kiasi gani? Ina akasema miguu ya baba ilikuwa usawa wa vifuniko vya magurudumu, alivuka kutoka kimoja hadi kingine kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Ukuta wa turubai au wa mbao? Turubai, upepo ukivuma ililia. Usukani?

Na majibu yakawa yanakuja na mambo yake. Baba alichungulia upande wa kulia daima, hata alipoweza kushoto, kwa hiyo masizi yalimpaka nusu moja tu ya uso, na mama alipomfulia kofia alisugua upande mmoja, upande wa pili ukabaki mpya hadi mwisho. Akipita mbele ya nyumba yao aligonga kengele mara moja, kinyume cha sheria, ili mama aweke viazi motoni. Alimchukia mpiga fidla. Alimwita Dugald "abiria", kwa sababu tangu azaliwe alikuwa anabebwa tu na hafanyi kazi.

"Aliniita nini?" Dugald akauliza.

"Abiria. 'Abiria amelala?' Akiingia tu mlangoni. Hukujua?"

Hakujua. Alikaa na simu sikioni, na Nan akimtazama kutoka jikoni akaona ameegemea ukuta, anacheka bila sauti, na mkono wa pili unafuta uso.

Jukwaa jipya lilikamilika wiki ya Pasaka. Halikuwa zuri kama lile la kwanza. Mbao za kiraka zilikuwa na rangi tofauti kidogo, na mwenye macho angeona kovu mbele ya dohani, chini ya benchi alilolipachika hapo. Dugald hakulifunika kwa rangi. Hakuchonga mtu wa kusimama pale. Alijaribu, akapata kijitu kisichofanana na yeyote, akakitupa motoni.

Siku ya safari walimfuata Ina kwake Greenock. Masanduku yake yalikuwa mlangoni, naye amevaa koti la kanisani. Dugald akamwekea meli mapajani pale pale kwenye kiti cha ukumbini. Vidole havikuanza omoni safari hii. Vilikwenda moja kwa moja juu ya dohani, vikashuka nyuma yake, vikakuta turubai, vikakuta usukani. Ina akabaki hivyo, uso umeinuka, mdomo umefunguka kidogo kama mtu anayesikiliza hodi.

Kisha akautafuta mkono wa mdogo wake. Akakishika kidole gumba chake, akakipeleka ndani ya jukwaa, upande wa kulia kabisa, akakibonyeza pale.

"Hapa," akasema. "Umempata?"

"Nimempata."

Nan akasema ndege haisubiri watu, ingawa muda ulikuwepo wa kutosha.

Barabara ya uwanja wa ndege hufuata maji njia nzima, na Ina alikataa meli iwekwe nyuma na masanduku. Akaipakata mbele, omo limeelekea kioo. Mvua ilikuwa nyembamba, visiwa havionekani, kwa hiyo siku hiyo watu wote watatu walikuwa sawa. Ina hakuuliza wamefika wapi. Aliijua njia kwa kona zake. Akasema Inverkip hii, na ilikuwa Inverkip. Akasema sasa upepo utakuwa ubavuni, akaigeuza meli kidogo mapajani. Walipokuwa wanashuka Wemyss Bay akasema, "Dugald, punguza."

Dugald akapunguza.

"Hapa tunatia nanga siku zote. Ingia."

Akaingia karibu na gati, akasimamisha gari, akazima injini. Mvua ikasikika juu ya paa. Ina alikuwa ameweka mikono miwili juu ya vifuniko vya magurudumu, ametulia. Nan, aliyebanwa nyuma na masanduku, alivumilia kadiri alivyoweza, halafu akauliza jamani tunasubiri nini.

"Watu washuke," Ina akasema.

Wakasubiri. Walikuwa wengi, wenye masufuria na kanari na watoto, na hakuna aliyewaharakisha. Walipokwisha kushuka, Ina akagonga dohani kwa ukucha mara moja, na Dugald akawasha gari.